Nikon D3300 ya mtumba: miaka miwili ya harusi, mwani na popo

Kamera hii ilitoka mwaka 2014 na mimi nimeinunua 2023, kwa hiyo sina habari mpya ya kukupa. Naandika kwa sababu haipiti wiki sijaulizwa, hasa na wasichana wa hapa Unguja: "Dada, nna laki tano na kidogo, nianze na kamera gani?" Nimechoka kujibu kwa vipande vipande vya sauti WhatsApp.

Kwanza mnijue. Si mpiga picha wa kazi. Asubuhi nasomesha skuli, jioni na Jumapili ndio nabeba mkoba. Nilinunua bodi pamoja na lenzi yake ya 18-55 kwa laki tano na nusu, kwa mtu aliyekuwa anahama. Kabla ya kutoa pesa nilipiga picha moja nikaipeleka kwenye tovuti inayosoma idadi ya mibofyo. Ilikuwa imeshapigwa mara 14,000 na ushei, ambayo kwa kamera ya umri ule ni kidogo. Na wewe fanya hivyo hivyo. Muuzaji akikataa, mwachie kamera yake.

Kwenye karatasi: megapikseli 24.2, picha 5 kwa sekunde, betri ya picha kama 700. Uzito haufiki nusu kilo bila lenzi, na ukivaa buibui ukaning'iniza mkoba begani hakuna anayejua umebeba nini. Waifai haina. Kuna kidude cha kuchomeka pembeni kinachoipa, lakini sijakinunua, na sababu ndiyo hii nayokuja kuieleza.

Mwanzo nilitaka kupiga mitaa ya Mji Mkongwe kama wanavyopiga wageni: milango, paka, watoto wanaoruka majini Forodhani. Nikapiga, picha zikawa nzuri, kila mtu anazo. Kisha binamu yangu akaolewa. Mpiga picha wao alikuwa mwanamme, na wanamme hawaingii anakopambwa biharusi. Shangazi akanikamata mkono: "Wewe si unayo hiyo kamera? Njoo ndani."

Ndani nikakuta kazi ngumu kuliko zote. Chumba kidogo, pazia limeshushwa, taa moja ya tyubu, moshi wa udi, wanawake kumi na tano wanaongea kwa pamoja, na kungwi anayekusukuma kila ukisimama mahali pazuri. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia zaidi). Kwa mwanga ule kamera ilinipeleka ISO 6400, yaani ililazimika kuukuza mwanga sana, na hapo chenga zinaonekana bila kukuza. Nikafungua flashi ya juu: uso wa biharusi ukawa kama umepakwa chokaa, piko iliyochorwa kwa saa nne ikang'ara kama rangi ya mlango. Nikaifunga, sijaifungua tena kwenye kazi ya hina.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kununua. Nilisoma kwamba lenzi ya 50mm yenye f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ile f/5.6, na hilo ni kweli, hesabu yake haina ubishi. Nikaenda duka moja mjini, nikaambiwa hii hapa, ya Nikon, inaingia. Kuingia iliingia. Kumbe ilikuwa ni ile ya zamani, yenye herufi D, isiyo na mota yake ya kulenga, inayotegemea mota ya ndani ya bodi. D3300 haina mota hiyo. Nilibofya nikangojea, kimya. Tena ukisahau kuifunga pete ya tundu kwenye 22, kioo kinakuandikia FEE na picha hupigi. Nilirudi dukani siku ya pili, jamaa akanambia kilichouzwa hakirudi. Haya. Mwenye kosa ni mimi niliyeenda bila kusoma: kwa bodi hii tafuta herufi AF-S kwenye lenzi, basi.

Nimelenga kwa mkono kwa miezi saba. Kuna nukta ya kijani ndani ya dirisha la kutazamia, upande wa chini, ikiwaka bila kumetameta ujue umelenga. Biharusi akikaa kimya huku anapakwa hina, sawa. Akiinua macho kumtazama mama yake, umeshamkosa. Katika harusi ya pili nilihesabu: picha 40 za uso, zilizokaa sawa 9. Lakini zile 9 ndizo zilizonitangaza. Mwanga wa dirishani, pazia limefunguliwa kiasi cha viganja viwili, ISO 1600, vikuba vya maua kifuani na asumini kwenye nywele. Nazitazama nahisi harufu.

Jambo la pili kuhusu 50mm: kwenye kamera hii yenye sensa ndogo inaona kama 75mm, yaani inavuta karibu mno, kwa hiyo katika vyumba vya Kikwajuni na Michenzani utapigia ukiwa umegandamana na kabati. Sasa natumia 35mm f/1.8 ya AF-S, ya mkopo kutoka kwa rafiki. Ningeanza na hiyo.

Narudi kwenye waifai. Harusi ya tatu ilikuwa ya watu nisiowajua. Nimepiga picha za singo, pale biharusi anaposuguliwa manukato mwilini, amefungwa kanga tu, mabega wazi. Bibi yake, mtu mzima aliyekaa kwenye jamvi muda wote bila kusema neno, akaniita.

"Mwanangu, hizo picha zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote, Bi. Zimo humu humu."

"Simu yako haizioni?"

"Haizioni. Kamera hii haina intaneti, haina waifai. Zimo kwenye kadi hii." Nikafungua mlango wa pembeni nikaitoa, ndogo kama stempu ya barua.

Akaipokea, akaigeuzageuza, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. "Basi nnayo mimi. Mwenyewe akitaka kuziona atakuja kuiomba kwangu."

Nilikasirika kidogo, maana ile ilikuwa kadi ya GB 32, yangu, na nilikuwa sijaziona picha vizuri. Nilivyokwenda nyumbani nikamwelewa. Ukifuta picha kwenye kadi hujaifuta; mpaka iandikwe nyingine juu yake, mwenye programu anaweza kuifufua. Nyumba ngapi zimeingia fitina kwa picha moja ya ndani iliyovuja? Sasa huo ndio utaratibu wangu: kazi ya ndani, kadi mpya, nikimaliza naikabidhi kwa mama au bibi mbele ya watu. Wapitiaji wengi wa kamera hii wanaandika kukosa waifai kama kasoro. Kwangu mimi ndiyo iliyonifungulia milango, na wenye kamera za kisasa zinazorusha picha kwenye simu wanaulizwa maswali nisiyoulizwa mimi.

Nje ya vyumba nako nimeipeleka. Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, Makunduchi, mwezi wa Julai: vumbi, moshi, wanaume wanapigana kwa mabua ya migomba, wanawake wamevaa vizuri wanawaimbia. Kasi ya picha 5 inatosha kabisa. Kibanda cha makuti kinapotiwa moto kipimo cha mwanga kinachanganyikiwa, kinaona moto tu, watu wote wanakuwa vivuli. Nilipima kwa nyuso kwanza nikafunga mipangilio kwa mkono. Bodi haijazibwa dhidi ya vumbi, nikaizungushia leso nikaacha jicho tu.

Jambiani nilikwenda siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na kina mama wanaingia kwenye mashamba ya mwani. Mchanga ule mweupe unaidanganya kamera, inautia kijivu, lazima uongeze mwanga kwa hatua moja. Niliomba ruhusa, mmoja akanijibu bila kusimamisha kazi: "Kila anayekuja anatupiga tumeinama. Leo tupige tumesimama." Wakajipanga, kamba mikononi, wamejinyoosha, na bahari nyuma yao hadi kwenye miamba. Sina picha ninayoipenda zaidi. Mguu wa kamera uliingia chumvi, umeshika kutu, sitasema zaidi.

Jozani kima punju wanakuja karibu hata 55mm inawatosha, ingawa msituni ni giza na unatakiwa ukae mbali nao kidogo. Pemba ndiko nilikoaibika. Nilipanda boti mpaka Mkoani, nikaenda Kidike kupiga popo wa Pemba, mnyama ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita 1.6, nikarudi na picha 200 za vidoti vyeusi juu ya miti. Kwa popo tafuta lenzi ya 300mm au tazama kwa macho ufurahi.

Unyevu wetu huu unaleta kuvu ndani ya lenzi, na kuvu ikishaingia kuitoa ni fundi na pesa. Naweka kila kitu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele msitie, una vumbi.

Wanaouliza kama inafaa: kwa laki tano na nusu, ndiyo, naichukua tena. Lakini katika gharama hesabu na kadi. Nimenunua kumi na moja mpaka sasa. Mkobani zimo mbili, nyingine ziko kwenye masanduku ya mabibi za watu.