Uzoefu wangu: darasa la muziki wa dunia kwa watoto wadogo (nendeni na bibi yao)

Haya, tumemaliza wiki nane za lile darasa la Jumamosi hapa Mombasa, la watoto wa chini ya miaka mitano na wazazi wao. Nilienda na wanangu wawili, binti wa miaka 4 na mdogo wake wa mwaka na miezi minne. Ni dakika 45, mnavua viatu mlangoni, mnakaa mkekani, na mzazi haruhusiwi kukaa pembeni na simu, ukija unacheza.

Hilo sharti nilidhani ni mbwembwe tu, kumbe ndilo darasa lenyewe. Wiki ya pili walipiga samba ya Brazil, mwalimu akatuambia tuwabebe wachanga tushuke magoti kila ile ngoma kubwa wanayoiita surdo ikilia, na kwenye samba mkazo wake uko pigo la pili si la kwanza, kwa hiyo ilinichukua muda kuipata, mtoto yuko kifuani, lakini nilipoipata tu nikaona anaanza kucheka kabla sijashuka, yaani alishajua inakuja. Mwaka mmoja na miezi minne!

Lakini wiki ya tano sitaisahau. Nilienda na mamangu. Ikawekwa jigi ya Ireland, fidla na filimbi mbio mbio, mamangu kasikiliza kidogo kisha akasema "mbona hii chakacha?" akainuka, leso ya mabegani akaifunga kiunoni, akaanza. Mwalimu hakumkatiza, alipunguza tu spika akasema "bi mkubwa, tuonyeshe na makofi yake". Baadaye akatueleza kwamba zote mbili huhesabiwa mapigo sita sita, ndiyo maana kiuno kiliitambua. Mimi nimekulia kwenye chakacha za harusi na sikuwahi kufikiria hilo. Sasa binti yangu akisikia wimbo wowote redioni anauliza "mama, huu nao una chakacha?" na tunaujaribu hapo hapo jikoni.

Kilichonikera: wiki za mwanzo walibeba nchi nne kwa kikao kimoja, mara India mara Jamaika, mtoto hajashika hata pigo moja mshahama. Tulilalamika wakapunguza zikawa mbili, ikawa bora sana. Spika nayo ilikuwa juu mno kwa chumba kile, mtoto mmoja aliziba masikio akalia mpaka akatolewa nje. Na kubwa zaidi, nyimbo za bara letu zilikuwa zinatajwa "wimbo wa Kiafrika" basi, ilhali za wengine zina nchi. Ngoma ya djembe ni ya kule Mali na Guinea, mbira ile ya kupigwa kwa vidole gumba ni ya Washona wa Zimbabwe, mtoto wa miaka 4 anaweza kabisa kuyashika majina hayo, mwambieni tu.

Kuhusu vyombo, wana maraka za kutikisa, za plastiki, ni nyepesi na zinaosheka, sawa, ila mamangu alikuja na kayamba ya Kigiriama na plastiki ikasahaulika. Mdogo alilaza sikio kwenye matete yake, dada yake akainamisha upande mmoja zile mbegu zikateremka shaaa kama mvua juu ya makuti, akatulia tuli, akataka tena, na tena. Kama hamna kayamba wekeni kunde kwenye chupa ya soda, lakini kifuniko kipigeni gundi kabisa, wataifungua na kunde moja puani inatosha kuwapeleka hospitali.

Chukueni kikao cha saa nne asubuhi, cha saa sita watoto wana usingizi na njaa. Bebeni maji na leso ya kufunga kiunoni. Sisi tumeshalipia awamu nyingine, na mamangu ameniambia safari hii niandae nauli ya watu wawili, anakuja na shoga yake anayejua kupiga ngoma ya chapuo.