Muziki wa kumbi za bia za Ujerumani: santuri au mtandaoni?

Kwa bei, mtandao unashinda mwanzoni tu, kwa sababu ada ya mwezi haina mwisho, ilhali katika masoko ya mitumba ya Ujerumani santuri kuukuu zenye mikusanyo ya nyimbo za jadi na za kumbi za bia hupatikana kwa bei nafuu, mradi mnunuzi awe tayari na mashine ya kuzichezea.

Suala la kutegemewa ndilo zito zaidi. Mkusanyo wa mtandaoni waweza kuondolewa mkataba wa haki ukiisha, na mara nyingi hauelezi ni bendi gani inayopiga. Nyuma ya jalada la santuri, kwa kawaida, huandikwa majina ya watunzi na wapigaji. Hapo ndipo msikilizaji hugundua kwamba polka (muziki wa dansi ya haraka) ya "Rosamunde", ambayo wengi huidhani ya Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, ilitungwa na Mcheki Jaromír Vejvoda mwaka 1927. (Binafsi, jalada pekee lanitosha kuinunua.)

Utunzaji, hata hivyo, ni mzigo wa santuri: vumbi likiingia kwenye mifereji, sindano hukwaruza juu ya mvumo wa tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, na joto huipinda.

Anayeandaa sherehe ya bia ya Oktoba kwa mtindo wa Kijerumani (Oktoberfest), akihitaji saa tano za muziki bila kugeuza upande kila dakika ishirini na kitu, atumie mtandao. Anayetaka kujua anamsikiliza nani, santuri itamfaa zaidi.