Shule ya udereva kwa waoga wenye sababu

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ofisi yao. Mwalimu peke yake ningempa zote.

Nimesoma hapa kozi ya gari dogo, na nilikuja nikiwa mwoga kwelikweli. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa. Walioanguka na bodaboda, waliogongwa wakivuka, ndio ninaowahudumia kila zamu. Kwa hiyo mtu akiniambia "usiogope, mbona kawaida tu", namwona hajui anachosema. Gari yangu, Toyota IST, ilikaa uani chini ya turubai mpaka kuku wakahamia uvunguni.

Mzee aliyenifundisha, dereva wa zamani wa malori ya Tunduma, hakuniambia nisiogope hata mara moja. Tukiwa bado tumepaki aliniuliza, "Sista, unaogopa nini hasa?" Nikasema barabara. "Barabara ni lami tu hiyo. Unaogopa nini?" Nikasema malori. "Haya, hapo sasa tuna kazi."

Kazi yenyewe ndiyo iliyonifanya niandike haya. Klachi ilipoanza kunitii na kipilefti kikaacha kunitoa jasho, alinipeleka kando ya Barabara ya Mandela hapa Dar es Salaam, kwenye semitrela zilizopaki. Akaongea na dereva mmoja wanayefahamiana, nikapandishwa kwenye kichwa cha lori, nikakalishwa kwenye usukani. Mzee akalisogeza gari letu la mafunzo hadi ubavuni kushoto, usawa wa mlango. Nikaangalia saiti mira: hakuna gari. Nikajiinua kwenye kiti, nikachungulia dirishani: hakuna gari. Na injini yake naisikia inanguruma hapo chini.

"Ukiwa huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, jua naye hakuoni," aliniambia niliposhuka. Tena akaongeza kwamba baadhi ya malori yanayotoka Kongo yana usukani kushoto, maana kwao wanaendesha upande wa kulia. Hayo dereva wake haoni vizuri kulia, na kulia ndiko sisi tunakopitia tunapolipita lori. Tangu siku ile nikikaribia lori naangalia kwanza dereva amekaa upande gani. Hofu bado ninayo, ila inajua pa kutazama.

Siku ya mlima tulikwenda njia ya Makongo kuelekea Goba. Foleni imesimama kwenye mwinuko, daladala imenikalia mgongoni inapiga honi. Gari la mafunzo lina breki ya pili upande wa mwalimu, na macho yangu yalikuwa hukohuko. Akaona, akavuta miguu yake yote miwili chini ya kiti, makusudi. Nilimchukia dakika ile, sifichi. Nikabalansi klachi, gari likatetemeka, nikashusha handbreki, tukapanda.

Kwa wasioogopa chochote ana dawa nyingine. Kijana niliyekuwa napangwa naye alikuwa anakanyaga mafuta kama gari la wagonjwa. Akaambiwa ataje kwa sauti kila mtembea kwa miguu anayemwona. Kabla hatujafika Mlimani City alishashindwa kumwona mama mwenye mtoto aliyekuwa tayari ameweka mguu kwenye zebra. Mzee alikanyaga breki yeye, hakusema neno, na kijana naye akatulia mwenyewe.

Sasa ofisi. Darasa la alama za barabarani linakimbizwa mno. Nenda ukiwa umeshasoma mwenyewe. Mnapangwa watatu gari moja, kwa hiyo muda mwingi uko kiti cha nyuma, AC haifanyi kazi na kioo kimoja hakishuki. Cheti nilikifuatilia mpaka mlinzi akanizoea. Bei si ya chini, na mtu wa mapokezi hakwambii mapema kwamba kipindi cha ziada kinalipiwa.

Siku hizi naendesha mwenyewe kwenda zamu ya usiku. Lori usiku silipiti, nakaa nyuma yake na foleni yangu, anayetaka kupiga honi apige. Kazini pia nimeanza kusema kwenye kikao cha asubuhi mbele ya madaktari. Sijui kama ni klachi au ni umri.

Ukija, omba ufundishwe na mzee wa malori ya Tunduma, na uchukue kipindi cha saa kumi na mbili asubuhi. Ikishafika saa mbili, Sam Nujoma yote ni foleni, utalipia kukaa.