Sinaptosomu au maikrodayalisisi?

Hizi ni njia mbili za kuchunguza ubongo, na swali ni moja: je, kortikosteroni, homoni ya msongo ya panya, hubadili namna serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, inavyorudishwa ndani ya seli hizo?

Kwa sinaptosomu, ubongo husagwa taratibu katika maji ya sukari, kisha huzungushwa kwa kasi kwenye mashine ya sentrifyuji ili kutenganisha sehemu zake. Ncha za neva hukatika, hujifunga zenyewe kuwa vifuko vidogo, ndivyo sinaptosomu, na kuendelea kufyonza serotonini kana kwamba hazijang'olewa. Jambo hili hunistaajabisha hadi leo! Unaweka serotonini yenye tritiamu, haidrojeni yenye mnururisho inayowezesha kuipima, sampuli moja kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, nyingine kwenye barafu. Tofauti yake ndiyo kazi ya protini za usafirishaji, zinazoingiza serotonini ndani na ambazo baridi huzizuia. Ukiongeza homoni na ufyonzaji ukashuka papo hapo, yaelekea homoni imeigusa protini yenyewe. Ila kiini cha seli hakimo, hivyo athari za homoni zinazopitia jeni hazionekani, labda umdunge panya siku kadhaa kabla.

Maikrodayalisisi humwacha panya hai, na kijibomba chembamba ubongoni kinachokusanya kemikali zilizo nje ya seli ili zipimwe. Unauona msongo wenyewe. Lakini serotonini ikipanda, imetolewa zaidi au imefyonzwa kidogo? Kipimo peke yake hakisemi. Kwa swali hili, ningeanza na sinaptosomu.