"Mama kijacho, unapenda dawa wewe!" Uzoefu wangu kwenye famasi moja ya Sinza

Kabla hujaniambia nina hasira za mimba, beba mimba kipindi cha masika hapa Dar, ukae nyumba yenye fangasi kwenye dari, jirani anachoma taka kila jioni, na mvua ikikatika kidogo tu upite Mwenge kwenye vumbi la ujenzi wa mwendokasi. Halafu uje tuongee.

Aleji ninayo tangu utotoni, naijua. Macho yanawasha, kaakaa linawasha, chafya zinakuja mfululizo mpaka nashika ukuta. Zamani nilikuwa nameza kidonge changu, maisha yanaendelea. Safari hii mimba imevuka nusu, kidonge nakiogopa, na usiku pua inaziba zote mbili, nalala nimekaa. Mume wangu alikuwa ananiambia nanguruma kuliko jenereta.

Basi nikaingia kwenye famasi hiyo. Sitaitaja. Ni ya vioo, ina kiyoyozi, ina viti vya wateja ambavyo wamevipangia maboksi ili mteja asikae. Kaunta yupo binti wa koti jeupe, simu mkononi.

"Habari mdogo wangu. Nina aleji, na kama unavyoniona ni mjamzito. Naomba kuonana na mfamasia."

Hakuinua kichwa. "Mafua?"

"Siyo mafua. Aleji."

"Yale yale." Akanisukumia boksi. "Elfu tatu na mia tano. Asubuhi, mchana, jioni."

Mimi ni msomaji wa maboksi, ndivyo nilivyo. Ndani yake kuna parasetamoli, kafeini, na fenilefrini ya kukausha mafua, ile inayobana mishipa ya damu na inayoweza kupandisha presha. Na kwenye karatasi yake, kwa maandishi ya kutafutia tochi, mjamzito anaambiwa amuone daktari kwanza. Nikamwonyesha. Nikamwambia hujaniuliza mimba ya miezi mingapi, hujaniuliza kama nina pumu, presha hujaigusa kabisa.

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Kwa sauti ya kumfikia dereva wa bajaji aliyeegesha nje, akasema, "Mama kijacho, unapenda dawa wewe! Mama zetu walizaa bila hizo. Mimba siyo ugonjwa. Vumilia."

Hebu nielezeni. Muda uleule aliotaka kuniuzia vidonge vya kutwa mara tatu ndio aliogundua kwamba napenda dawa? Foleni nzima ikanigeukia. Kaka mmoja akacheka. Mama mmoja mtu mzima nyuma yangu akaniwekea mkono begani, "Mwanangu, usibishane naye, utapandisha presha bure." Shikamoo mama, popote ulipo.

Na hiyo "mimba siyo ugonjwa" inanikera mpaka leo. Nani kasema ni ugonjwa? Aleji ndiyo ugonjwa, na haiendi likizo kwa sababu umebeba mtoto. Kuna wenzetu aleji yao imeshikana na pumu. Hao ukiwaambia wavumilie, wakaacha na inhela yao kwa woga, hatari yake ni kubwa kuliko ya hiyo inhela, maana mama akikosa hewa na mtoto tumboni anakosa.

Kelele zangu (ndiyo, nilipiga kelele) zikamtoa mfamasia chumba cha nyuma. Kaka mpole, anaongea taratibu. Sasa hapa ndipo mnaponichanganya nyie famasi, kwa sababu huyu kaka alikuwa mtu wa maana kweli. Alilichukua lile boksi akalirudisha kwenye shelfu bila neno. Akaniuliza yote ambayo mwenzake hakuniuliza, akaomba na kadi ya kliniki.

Akaniambia nina mambo mawili kwa pamoja. Kuwashwa macho na chafya ni aleji yangu ya siku zote. Ila kule kuziba usiku kucha, sehemu yake ni ujauzito wenyewe: homoni zinafanya ngozi laini ya ndani ya pua ivimbe, na huwapata wajawazito wengi hata wasio na aleji. Hiyo, akasema, dawa za aleji haziifanyii kitu cha maana, na huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili baada ya kujifungua. Kliniki nilikuwa nahudhuria bila kukosa na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo!

Akanipa maji ya chumvi ya kusafishia pua, akaniambia niinue kichwa cha kitanda, fangasi wa darini wasafishwe na mtu mwingine siyo mimi, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Nyungu ya mama mkwe akaikataa, kujifunika blanketi na mvuke wa moto kunapandisha joto la mwili. Yale matone ya kuzibua pua haraka akasema ukiyaendekeza pua inakuja kuziba kuliko mwanzo. Kuhusu vidonge, akaniambia setirizini na loratadini zimetumiwa na wajawazito wengi na hazijaonekana kuleta madhara kwa mtoto, lakini akagoma kuniuzia mpaka daktari wa kliniki aandike. Aligoma kuchukua pesa yangu! Daktari akaja kuandika setirizini, nikarudi kununua, chafya zikapungua sana.

Kwa hiyo nyota tano? Nilikuwa nimeshaamua tano. Lakini siku hiyo ya kurudi nilimkuta nani kaunta? Yuleyule. "Mfamasia hayupo." Anarudi saa ngapi? "Mimi sijamfunga kamba." Na kumbe yupo, nilimsikia anakohoa nyuma ya pazia. Risiti sikupewa mpaka nilipoidai.

Nimeshajifungua, pua ilifunguka vilevile alivyosema, na kila nikivuta hewa vizuri nataka kumwongezea yule kaka nyota. Kisha namkumbuka binti nazipunguza. Halafu nawaza, kwa nini mwenye elimu amefichwa nyuma na asiyetaka kuuliza swali ndiye amewekwa mbele? Huyo kaka hasikii yanayoendelea kaunta? Anasikia. Basi na yeye nampunguzia. Tatu. Hapana, mbili na nusu.

Mkienda, msisimame kaunta. Piteni kushoto, kuna pazia la bluu, bisheni hodi. Binti akiwauliza mnakwenda wapi, msimjibu.