TAHADHARI: Vipara vilivyochongwa vinauzwa Pemba kwa jina la matairi mapya

Assalaam alaykum ndugu zangu, hasa nyinyi wa bodaboda wa Chake, Wete na Mkoani.

Kuna muuzaji anapita kwenye makundi ya WhatsApp na tangazo la matairi ya pikipiki, "mapya kutoka Dubai", bei chini kuliko duka lolote, na anakuletea mpaka kijiweni. Jina siliandiki, maana kila tangazo analibadilisha pamoja na namba ya simu. Ijueni mali yake, hiyo haibadiliki.

Anachouza ni vipara, yaani matairi yaliyokwisha. Tairi likishaisha kashata (yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara), linapitishiwa kisu cha moto kwenye mifereji ile ile ya zamani mpaka kina kirudi, linapakwa rangi nyeusi, linabandikwa stika na kuzungushiwa nailoni. Kwenye picha linang'ara kweli kweli.

Kijana mmoja wa hapa mtaani kalinunua moja kwa elfu arubaini na tano, kalipeleka kwa fundi pancha alifunge. Fundi hata tyubu hajaingiza. Kachovya kitambaa kwenye petroli, kasugua ubavuni, kitambaa kikatoka cheusi ti, na chini ya ile rangi mpira umejaa nyufa ndogo ndogo za jua. Kisha akaupanua mfereji mmoja kwa vidole viwili: ndani kabisa nyuzi zinaonekana, nyeupe. Stika ilisema 47P, ubavu wenyewe umeandikwa 41P. Kwa asiyejua, 47 ni uzito wa kilo 175 kwa tairi moja na 41 ni kilo 145. P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Kwa hiyo mbali na uchakavu, kapunjwa kilo 30 za uwezo, na sote tunajua mshikaki, abiria zaidi ya mmoja kwa mpigo, unavyobebwa saa za jioni.

Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwamba kuchonga tairi ni jambo la kawaida, hata malori yanachongwa. Hapo ndipo anapowapata wengi, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa na mpira wa ziada chini ya kashata ili yaweze kuchongwa, na ubavuni yameandikwa REGROOVABLE. La pikipiki halina mpira huo. Ukichonga, unazifuata nyuzi, na nyuzi ndizo zinazolishikilia tairi lisipasuke. Likipata joto, mzigo na upepo uliojazwa sawasawa, linaachia. Hebu fikiria liachie la mbele, unateremka mlima na abiria nyuma, mvua za masika zimeanza.

Basi kabla hujatoa pesa, liangalie tairi mkononi, si kwenye picha. Tafuta herufi TWI au mshale mdogo juu ya ubavu, halafu ufuate mpaka kwenye mfereji: utakuta kituta kidogo cha mpira kinachokatisha mfereji. Hicho ndicho kipimo cha kuisha, kashata ikilingana nacho tairi limekwisha. Kwa gari hukaa kwenye milimita 1.6, na ndicho kikomo cha sheria Ulaya. Kwa pikipiki huwa kifupi zaidi. Mchongaji hukikata kile kituta bila kujua, kisu kinapita moja kwa moja. Alama ipo ubavuni, kituta hakipo: rudisha, usibishane naye.

Tazama na tarehe. Tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mara nyingi mwisho wa mstari unaoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya 2000, hata likiwa halijakanyaga lami ni la kutupa. Haya ya jamaa huyu yamepigwa msasa hapo hapo penye tarehe, ukipapasa unahisi pamelainika kuliko kwengine. Zile nywele za mpira za tairi jipya zisikudanganye, nazo zinagundishwa.

Najua hesabu ya tajiri mwenye pikipiki haingoji na tairi zima lina bei. Lakini elfu ishirini unayookoa hapa haifiki hata kwenye dawa za mguu mmoja.

Na helmeti zake pia ziacheni. Helmeti iliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya ina kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevu, chenye herufi E na namba ndani ya duara. Zake zina stika ya E kisogoni, unaibandua kwa ukucha.

Aliyekwisha kununua asiliuze kwa mwengine ili kupunguza hasara. Lifungue, lihifadhi pamoja na stika na nailoni yake, weka ujumbe wa malipo ya simu na mazungumzo yote, upeleke Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) au Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Risiti hatoi, kwa hiyo ule ujumbe wa malipo ndio ushahidi wenu, msiufute. Tangazo lake la mwisho nililoliona linasema sasa anapeleka mzigo Konde na Micheweni.