Ukerewe: kuzunguka kwa baiskeli au kwa mtumbwi?

Mgeni aliyelala katika nyumba ya wageni ya kijijini kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Victoria, huulizwa asubuhi, kabla chai haijapoa, kama atazunguka kwa baiskeli au kwa mtumbwi. Kwa gharama, baiskeli hushinda, kwa kuwa haihitaji mpiga kasia wala mafuta, ingawa watu wanne wakichangiana mtumbwi tofauti hiyo hupungua sana.

Uhakika ndio hoja nzito zaidi. Ziwa kwa kawaida huwa tulivu alfajiri, lakini nchi kavu inapopata joto upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi huinuka, hivyo asiyependa kuamka mapema asiutegemee mtumbwi, wala mtu yeyote asiupande bila jaketi la kujiokolea. Baiskeli haiogopi upepo. Huogopa matope ya masika.

Ndege kama furukombe na mnandi huonekana vizuri zaidi kutoka majini, ilhali msitu wa Rubya na jumba la watemi la Bukindo hufikiwa kwa barabara. Kuogelea, kwa maoni yangu, kusihesabiwe upande wowote, kwani kichocho kipo ufukweni. Mwenye watoto wadogo na achague barabara. Mpenda ndege na aamke saa kumi na moja.